Siku Tuliyowasha Ilungu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, majembe ya nje yalijaa madukani Sumbawanga mpaka yakapangwa barazani, na wanafunzi wangu walidhani Mfipa hajawahi kufua hata sindano. Iliniudhi sana. Kwa hiyo watu wa makumbusho walipoleta mpango wa kufundisha historia ya mji wetu kwa vitendo, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikamtafuta mzee mmoja aliyewahi kuyeyusha chuma ujanani, akakubali kutujengea ilungu, lile tanuru refu la udongo wa kichuguu, nyuma ya shule.

Zamani wanawake hawakulikaribia kabisa. Nilibishana naye wiki nzima kwa ajili ya wasichana wa darasani kwangu, mwishowe akalegea.

"Haya, waje. Ila mwenye mimba asikanyage hapa, Mwalimu. Ilungu nalo ni mama, lina tumbo. Matumbo mawili hayakai kwenye moto mmoja, moja litamwaga. Yupo?"

"Hayupo," nikajibu, upesi kuliko ilivyohitajika.

Nilikuwa na miezi mitatu. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na hii aliijua mume wangu tu. Chuoni nilifundishwa kwamba mambo hayo ni imani tu, na ndivyo nilivyojiambia kila asubuhi. Lakini hofu haiulizi cheti. Siku zote za kukanda udongo nilikwenda chooni kila mara kujikagua, kisha nikarudi kwa watoto natabasamu. Kubaki nyumbani nako niliogopa, maana mzee angejua nimemdanganya na mpango wote ungenifia mikononi.

Siku ya moto ilikuwa Juni, baridi kali. Mgeni wa makumbusho alikuja na daftari lake. Mzee alipanga mkaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka, akawasha. Upepo ukaingia kwa matundu ya chini, na ndani kukaanza kunguruma. Nilisimama hatua tano tu, mkono nimeuficha chini ya khanga, tumboni. Nilimwomba Mungu. Mara tumbo likavuta, kidogo tu, nikatoka jasho.

Mzee akageuka, akanitazama. Kisha akachota udongo mbichi akaziba tundu moja, akaziba na jingine. Mtoto mmoja akamuuliza kwa nini.

"Ndivyo kazi ilivyo," akamjibu.

Tulipobomoa mlango wa ilungu tulikuta mawe yaleyale, yameungua juu juu. Chuma hakikuwepo. Mgeni akaandika kitu, akacheka puani. Walimu wenzangu wakanong'ona kwamba babu kazeeka, na mzee mwenyewe akasema mbele ya watu wote, "Mikono imesahau." Mimi nikawaongoza watoto kurudi darasani. Niliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Binti yangu alizaliwa Desemba, mzima, na sauti ya kuamsha mtaa. Alipotimiza arobaini nilimpeleka kwa mzee, nimejiandalia maneno ya kuomba radhi. Hata hakungoja shikamoo yangu iishe, akanyoosha mikono akampokea mtoto.

"Mzee, siku ile nilikudanganya."

"Nilijua, mwanangu. Ulikuwa unaumega udongo wangu, unaula."

"Mbona hukunifukuza?"

"Mbele ya wanafunzi wako?" Alikuwa anamtazama mtoto, si mimi. "Niliona umeshika tumbo, nikaziba matundu. Moto nikaunyima pumzi. Ilungu nitajenga jingine."

Hakujenga. Hakuna aliyemwita tena, naye alifariki kabla binti yangu hajaanza shule.

Wanafunzi wale sasa ni watu wazima. Nikikutana nao sokoni hunikumbusha, huku wakicheka, yule mzee aliyesahau kazi yake. Mimi niliyewafundisha historia bado sijawaambia.