Swali la Upande wa Mama

Mdogo wangu Raheli ni fundi cherehani pale Kilosa, jirani na stesheni. Ukifika utamkuta kwenye baraza la duka la Yusrah, futi ya kupimia shingoni, anapunguza suruali za mitumba. Zamani alishona magauni ya harusi, watu wakitoka Morogoro mjini kumfuata. Mitumba ilipomwagika, nani tena angoje gauni wiki mbili? Hakulalamika. Raheli halalamiki kamwe, na hilo ndilo linalonikera kwake. Mimi nikikwazwa, stendi nzima ya Mikumi inajua kabla maji ya ugali hayajachemka.

Mimi ni Regina, dada yake mkubwa. Nauza chakula Mikumi, barabara kuu, yanaposimama malori na mabasi ya Iringa.

Raheli aliolewa mwaka tisini na sita na Evance, fundi wa reli, mjukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge. Kijana mpole, hana neno. Miaka kumi na moja wakakaa bila mtoto. Na kwetu, jamani, hilo si jambo la watu wawili peke yao. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Shamba la Masanze linapita kwa wanawake, na mimi nimezaa wavulana watatu watupu. Raheli asipopata binti, nyumba ya mama yetu ndiyo imefungwa. Mjomba Mwinshehe, kaka yake mama, ndiye mkuu wetu. Kila nikienda Masanze, hata shikamoo hajamaliza kuiitikia, ananiuliza, "Raheli vipi?"

Mwaka elfu mbili na saba reli iliingia mikononi mwa wawekezaji na Evance akapunguzwa kazini. Wenzake walinunua pikipiki, wakafungua vibanda. Kiinua mgongo chake yeye hatukuona kimekwenda wapi. Raheli akaanza safari za Dar es Salaam. "Nafuatilia mafao ya Evance," aliniambia. Akipita Mikumi ananywa chai kwangu, chupa ya chai ameipakata mapajani. Siku moja nikanyoosha mikono nimjazie. Akaikumbatia kama nataka kumpokonya.

"Una nini humo, dhahabu?" nikamtania.

"Acha, dada."

Niliacha, lakini kimoyomoyo nikanuna. Baadaye ndipo nilipojua mle mlikuwa na barafu na sindano za kujichoma tumboni.

Mwaka uliofuata akajifungua, Morogoro. Nilikuwepo, nimeshika beseni. Mtoto wa kike! Nilipiga vigelegele mpaka nikaambiwa ninyamaze. Alizaliwa kabla ya mwezi wake kutimia na bado alikuwa na kilo nne na nusu. Kitovu kimevimba, ulimi mnene umetokeza nje ya mdomo. Sukari ikamshuka, wakamwekea dripu. Nesi akaja na karatasi zake, akauliza maswali mengi, na moja lilikuwa hili: "Mimba ilipatikana kwa njia ya kawaida?"

Nikaangua kicheko. "Nesi naye! Kuna njia nyingine?"

Raheli aliniangalia, akaangalia ukuta, akajibu, "Ya kawaida." Nesi akaandika.

Wakamwita Imani. Akakua haraka, mguu wa kulia mnene kuliko wa kushoto, ulimi haurudi ndani. Kunyonya kwake ni vita, akilala anakoroma kama mzee. Nilimwambia Raheli, "Huyu ana kimeo. Akatwe." Akasema hapana. Kwa nini? Hapana tu. Alikuwa anampeleka kliniki, wanamwambia mtoto mnene huyo, atabadilika.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kosa langu lilipo, na sitalipaka rangi. Kwetu mama mkubwa ni mama. Siombi ruhusa kumnyoa mtoto wa mdogo wangu, wala kumchapa, wala kumpeleka kwa mganga. Imani alipotimiza mwaka mmoja na miezi miwili, Raheli alipata kazi ya sare za kwaya, akaniachia mtoto siku mbili. Alikohoa usiku kucha. Asubuhi nikamfunga mgongoni, nikapanda gari la gulio mpaka kijiji cha Ulaya, kwa mzee Kondo, mkata vimeo. Amewakata wanangu wote watatu, amenikata na mimi.

Mzee Kondo alimfungua mdomo kwa kijiko, akatikisa kichwa. "Mama, ulimi huu haunipi nafasi."

"Wewe kata, mzee. Nimetoka mbali."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Si yeye. Nilimshika mtoto kichwa kwa mikono yangu hii, mzee akaingiza kile chuma chake, Imani akafurukuta, na ulimi ukajaa njiani. Damu ikaja nyingi, nyingi sana. Ilipita kwenye kanga mbili. Nilikimbia barabarani nimembeba, napiga kelele, lori la magunia likasimama likatukimbiza hospitali. Nilidhani nimemuua.

Manesi hawakuniacha nilale na hofu hiyo. Mpaka alasiri damu ilikuwa imesimama. Raheli na Evance wakafika. Raheli hakunitukana. Bora angenitukana. Alipita mbele yangu kama upepo, akaenda kitandani kwa mwanawe.

Wiki ile alikuwepo daktari wa watoto aliyekuja kutoka Morogoro kutembelea wagonjwa, Daktari Melkizedek, mtu wa sauti ya chini. Alimpima Imani polepole, masikio, tumbo, akalinganisha miguu. Kisha akatuita chumbani kwake sote watatu, mtoto akiwa mapajani pangu kwa sababu Raheli alikuwa anatetemeka.

"Mama Imani," akasema, "nakuuliza na naomba ukweli, kwa faida ya huyu. Mimba hii mlisaidiwa kuipata?"

Raheli akanitazama. Halafu akafunga macho. "Ndiyo, daktari. Dar es Salaam. Maabara."

Loo! Kumbe ndizo zile safari za mafao. Daktari akatueleza kwamba yai na mbegu vilikutanishwa nje, kiini kikalelewa siku chache kwenye chombo ndipo kikarudishwa tumboni. Siku hizo za mwanzo kabisa, alisema, mwili huweka alama juu ya maagizo ya ukuaji: hili lifanye kazi, lile linyamaze. Maagizo ni yaleyale, hayajafutwa hata neno. Alama zikikaa vibaya, kiungo kinakua kupita kipimo. Ulimi wa Imani si kimeo. Ni alama hizo.

Niliolewa Lumuma, nikakaa kwenye vitunguu miaka sita, kwa hiyo nilimwelewa kwa njia yangu. Mbegu ni ileile, lakini mche ulioteseka kitaluni unabeba hali ile mpaka mavuno.

"Kwa hiyo ni sisi tuliomfanya hivi?" Evance akauliza. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi.

"Siwezi kusema hivyo, na usijisemee hivyo. Wapo waliopatikana bila msaada wowote na wana hali hii. Kwa wanaopatikana maabara inaonekana zaidi kidogo tu, na walio wengi wanazaliwa salama." Akamgeukia Raheli. "Ninachotaka ni kimoja. Watoto hawa wanaweza kuota uvimbe kwenye figo au ini. Kila miezi mitatu apigwe ultrasaundi ya tumbo, mpaka afikishe miaka saba. Tukiuona mdogo, tunamwokoa."

Sasa hapo mwenye akili angeuliza ultrasaundi iko wapi. Mimi, mdomo wangu usio na breki, nikauliza, "Yai lilikuwa la nani?" Maana kama vinakutanishwa nje, yai linaweza kuwa la mwanamke mwingine, na kwetu mtoto huyo si wa ukoo.

Raheli alinyanyuka. Alimchukua mtoto mapajani pangu, taratibu, kidole kimoja kimoja akinibandua, akatoka nje.

Na mimi, badala ya kufunga domo langu, nikaenda Masanze nikamwambia Mjomba. Nilijiambia ni haki yake. Mjomba akanikaribisha mkekani. Akasema, "Basi tusubiri. Tukijua ni wetu, tutamwonyesha shamba." Mtoto wa mwaka mmoja ana kidonda mdomoni, na sisi tumekaa kwenye mkeka tunazungumza shamba. Najionea haya mpaka leo.

Nilimwomba Raheli msamaha mara nyingi. Alikuwa ananiitikia tu, "Yameisha, dada," na mtoto hanipi. Nikaamua kutosema tena. Kila miezi mitatu wakipita Mikumi kwenda Morogoro kwenye kipimo, nafunga banda, napanda nao basi, nabeba mfuko. Mara ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi, tukanunuliana soda. Mara ya nne, yule wa kipimo alirudia palepale, akarudia tena, akaenda kumwita daktari.

Uvimbe, kwenye figo la kushoto. Mdogo, alisema Daktari Melkizedek, kama punje ya maharage. Tumeuwahi. Lakini utatolewa, na kabla ya kupanga dawa na kisu anahitaji historia ya familia. Akafungua faili, akashika kalamu.

"Upande wa mama. Kuna mtoto aliyewahi kuzaliwa na ulimi kama huu, au aliyeugua figo akiwa mdogo? Hali hii mara nyingine inapitia kwa mama, na kama ni hivyo matibabu nayaangalia kwa jicho jingine."

Maswali ya ukoo huwa najibu mimi. Ndimi mkubwa, ndimi ninayekumbuka nani kazaa nani. Nikavuta pumzi nianze na bibi yetu. Ndipo nikamwona Raheli. Hakuwa anamtazama daktari. Alikuwa ananitazama mimi, vilevile kama siku ile nilipokuwa nimeshika beseni, mdomo umebana, jibu liko tayari la kuniziba mimi, si la kumsaidia daktari.

Nilisimama.

"Daktari, mimi natoka. Nitakaa mbali, kule kwenye benchi la getini. Mtanitumia mtu mkimaliza." Nikamgeukia mdogo wangu. "Mwambie kama ilivyo, mama. Mimi sitauliza."

Raheli akanyoosha mikono akanipa Imani. Mwaka mzima hakuwa amenipa. "Muoshe uso," akasema, "amejipaka jeli ya kipimo." Nikatoka naye, nikavuta mlango mpaka ukafungika.

Kwenye benchi nilimfuta uso kwa kanga, akawa ananicheka na ulimi wake nje. Simu ikalia. Mjomba Mwinshehe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nimesikia mko kwa daktari. Ameshasema? Huyo mtoto ni wetu?"

Maishani mwangu sijawahi kumkatia kauli mjomba wangu.

"Mjomba, mtoto ana uvimbe kwenye figo na atapasuliwa. Hujauliza hali yake. Uliza hali yake kwanza."

Imani alikuwa ameshika kidole changu, anakivuta.

"Hali yake vipi?" Mjomba akasema.