Aliyejibu kwa Niaba Yetu

Siku ile tulikuwepo mimi, dada yangu anayenifuata, kitinda mimba wetu wa darasa la pili, mzee wa nyumba kumi, msichana wa utafiti aliyekuja na kishikwambi, na jirani wa mlango wa pili. Jirani huyo tulimwita Shangazi, ingawa yeye ni wa Pwani na sisi ni wa Magharibi. Baba na mama walikuwa wameshazikwa nyumbani kijijini. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nikitoka kwetu Uthiru kila asubuhi kwenda kufulia watu nguo mtaa wa Mountain View.

Ilikuwa Jumamosi. Wiki iliyotangulia baba mdogo alikuwa amepiga simu kusema kwamba watoto hawawezi kuishi Nairobi bila mtu mzima, na kwamba angeiomba ofisi ya watoto itume mtu aje aone. Tukikutwa peke yetu, tungegawanywa: dada apelekwe kwa rafiki wa baba mdogo kufanya kazi za nyumbani, kitinda mimba aende kwa baba mdogo mwenyewe, mimi nijitegemee. Sikuwa nimefikisha umri wa kupata kitambulisho, nihesabiwe mtu mzima. Kwa hivyo nilimweleza Shangazi, na wadogo zangu nikawafundisha jibu moja, kwamba mama ameenda sokoni.

Nilipomwona mzee wa nyumba kumi akiingia ploti yetu ya vyumba vya kupanga na msichana mwenye beji shingoni, nilijua ndio hao wa ofisi ya watoto.

"Sasa," msichana akamsalimia mdogo wetu aliyesimama mlangoni. "Uko poa?"

"Niko poa. Mama ameenda soko."

"Sijauliza bado," akacheka. "Na jana usiku alilala hapa?"

Hilo sikuwa nimemfundisha. Mdogo akanitazama, na msichana naye akageuka kunitazama. Mzee wa nyumba kumi alijua kila kitu, maana ndiye aliyesimamia mchango wa mazishi ya mama. Akainua macho kuangalia nyaya za stima kana kwamba zina hitilafu.

Shangazi alikuwa akikaanga viazi karai nje ya mlango wake. Akapangusa mikono kwa leso.

"Mkuu wa nyumba ni mimi, mwanangu. Niulize mimi."

"Lakini wewe mama uko mlango ule mwingine."

"Milango ni ya mwenye ploti. Chakula twapika sufuria moja. Huyo mdogo mtazame tumbo, hizo ni mbaazi zangu za jana."

Hata mzee alicheka. Na ilikuwa kweli. Tangu mama afariki tulichanga unga na makaa, akapika yeye. Msichana alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba katika kazi yao, wanaokula pamoja na kumtambua mkubwa mmoja ni kaya moja, hata wakilala vyumba tofauti. Akaandika. Nikashusha pumzi, lakini mapema mno.

"Mzee, utatupisha kidogo, na hawa pia. Maswali mengine ni ya mama peke yake." Akamgeukia Shangazi. "Una haki ya kukataa swali lolote, hata yote."

"Na nikikataa?"

"Hakuna shida. Nitaandika kwamba nyumba haikukamilika. Labda msimamizi wangu arudi siku nyingine ajaribu."

Shangazi alinitazama juu ya bega la yule msichana. "Haya, uliza."

Wakaingia chumbani kwake. Niliwatuma wadogo zangu bombani, nikaingia chumbani kwetu. Kati yetu palikuwa na bati tu. Nilitaka kusikia akiulizwa habari zetu, nijue tumeponea wapi. Hakuulizwa habari zetu.

"Umewahi kuzaa?"

Miaka yote Shangazi alituambia kwamba hakujaliwa watoto.

"Ndiyo."

"Walio hai ni wangapi?"

"Hakuna."

Msichana akashusha sauti. "Pole sana, mama. Tunaweza kuruka hapa."

"Ukiruka, itakuwa imekamilika?"

"Itabaki na pengo."

"Basi usiruke."

Aliulizwa majina ya watoto wake wawili, akayataja. Sitayaandika hapa. Akaeleza umri wao, na jinsi homa ya yule wa pili ilivyoanza, na walikompeleka kwanza. Alijibu taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Nilitaka kutoka, lakini mlango wetu ulikuwa unalia, angejua kuna mtu.

Msichana alipomaliza nilimfuata hadi langoni. Nikamwuliza ofisi ya watoto itatuita lini.

"Ofisi gani? Sisi tunauliza habari za homa, na mahali watu wanapotibiwa. Majina hayatoki kwetu."

Nilirudi. Shangazi alikuwa anageuza viazi.

"Wamesemaje hao wa watoto?"

"Wamesema tuko sawa, Shangazi."

"Alhamdulillahi. Ita wenzako waje wale."

Baba mdogo hakupiga simu tena, na hakuna aliyekuja kutugawa. Dada amemaliza shule, kitinda mimba ananipita kimo. Sasa sufuria nanunua mimi, unga pia, na Shangazi akiugua ni mimi ninayekaa naye kwenye foleni ya kliniki. Nayafanya hayo kwa furaha, ila najua hayalipi kitu. Alitoa majina ya wanawe kwa mtu asiyemjua ili sisi tusitenganishwe, na mimi nikayapokea nyuma ya bati bila kupewa. Nimengoja siku atakayonihadithia mwenyewe, nimsikilize kama mtu asiyejua lolote. Mpaka leo hajasema, nami bado ninadaiwa.