Nilimvisha Mgonjwa Suti Nisiaibike Mbele ya Sista

Kosa ni langu, naanza na hilo msije mkamtafuta mwingine. Jina langu silitaji, maana wajukuu siku hizi wanasoma kila kitu. Majina ya wengine nitayataja yote, kichwa changu hakisahau jina la mtu hata nikitaka. Muone nilivyo mwoga: nawaanika wenzangu, mwenyewe nimejificha nyuma ya pazia!

Mume wangu alikuwa Omari Sefu, mtu wa Korogwe. Alikuja Stockholm kusomea ufundi wa mitambo, akamaliza, akaajiriwa kiwandani, akanileta mimi na binti yetu Mwanaidi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulipewa nyumba Vårby gård, majengo bado yananuka rangi. Kule kiwandani akaanguka kutoka kwenye ngazi. Mgongo ukapasuliwa, ukapasuliwa tena, maumivu hayakutoka. Yalikuwa yanashuka mguuni kama waya wa moto. Analala nayo, anaamka nayo.

Akawa mtu wa hospitali kuliko wa nyumbani. Ndipo Daktari Wessman, mrefu, mwembamba, akaja na wazo: kwa nini mtu afungiwe wodini miezi kwa sababu ya maumivu? Atibiwe kitandani kwake, kwa dawa zilezile za hospitali. Lilikuwa jambo geni wakati huo, wanalijaribu kwa wagonjwa wachache tu. Wakatuletea kitanda cha kupanda na kushuka. Wakaleta dawa kali ya kunywa kwa saa zake, na kimashine cha umeme chenye nyaya za kubandika mgongoni. Na kila Jumatano anakuja sista, Gun-Britt Norell, kumpima, kumchoma sindano na kuamua dawa iongezwe au ipunguzwe.

Nyinyi mngemshukuru Mungu mkatulia. Mimi niliposikia kwamba kila Jumatano kuna mtu anakuja, nilielewa jambo moja tu: mgeni!

Jamani, mimi nimelelewa na bibi yangu Mwanahawa. Kwake, hodi ikipigwa hata mwenye homa anatoka kitandani akajifunga kanga safi. Mgeni haonyeshwi kitanda. Mgeni hasimuliwi ugonjwa kabla hajanywa chai. Ukiulizwa hali, hata kama unakata roho unasema njema, kisha ndiyo unakata roho.

Kile kitanda nikakisukumia chumbani. Kimashine nikakifunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe, maua mekundu, kikawa kama keki ya arusi. Jumatano asubuhi napangusa vumbi, nakaanga vitumbua, nachoma udi mpaka jirani wa juu anagonga sakafu. Halafu namgeukia mgonjwa.

"Baba Mwanaidi, amka uvae suti."

"Suti ya nini? Leo namuoa Gun-Britt?"

"Hutaniaibisha mbele za watu. Vaa."

Akacheka, maskini. Siku hizo bado aliweza kucheka.

Sasa sikilizeni uovu wenyewe. Kuvaa suruali tu kulimtoa jasho, na kukaa wima kwenye kochi hakuwezi. Nikaona dawa anayokunywa alfajiri, sista akifika, imeshaanza kuisha nguvu. Basi mimi, daktari bingwa wa darasa la pili, nikaihamisha! Jumatano alfajiri namnyima. Yeye anang'ata mto, mimi nageuza vitumbua. Sista akikaribia kufika ndipo nampa. Gun-Britt anaingia, dawa imepanda, mume wangu kakaa na tai yake, macho yanang'aa kama bwana arusi!

"Unaendeleaje, Omari?" anamuuliza kwa Kiswidi.

Kabla hajafungua mdomo, mimi nimeshadakia: "Bra! Bra!" Vizuri, vizuri. Kiswidi changu chote kilikuwa neno hilo na neno la kahawa, mengine Omari ananitafsiria.

Gun-Britt naye, vitumbua vilimponza. Waswidi na kahawa yao! Mtu kaja kukagua mgongo, anaishia kukagua sahani. Alipombonyeza, Omari alinitazama kwanza mimi, kisha akasema hapaumi sana.

Kwa nini alinitii? Nilimuuliza miaka mingi baadaye. Akasema, "Siku zile ulikuwa unaimba jikoni. Tangu tuje huku nilikuwa sijakusikia ukiimba." Lo! Jibu kama hilo mtu unaliweka wapi?

Wiki zikapita. Dawa ikapunguzwa, mgonjwa si anaendelea vizuri? Sindano ikaondolewa. Mwisho Gun-Britt akaja uso umejaa furaha: Omari amepata nafuu ya kutosha, nafasi yake anapewa mama mmoja wa Vällingby ambaye hata kusimama hawezi. Akanikumbatia! Nami, mjinga mimi, nikamfungia vitumbua vya njiani!

Wakachukua kitanda. Wakachukua kimashine, kitambaa wakaniachia.

Giza la Novemba likaingia. Omari hakuvaa tena suti wala shati. Alikuwa akilala jikoni, kwenye sakafu tupu, anasema godoro linamchoma. Mwanaidi akitaka maziwa anamruka baba yake. Simu tulikuwa nayo, na Gun-Britt alituambia tumpigie wakati wowote. Sikupiga! Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa namchezea?

Aliyenitoa ujinga ni Mama Njeri, Mkenya wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akifanya usafi huko Märsta. Alikuja kuomba chumvi, akamkuta mzee chini.

"Haki, Mama Mwanaidi, huyu ni mume ama ni mkeka?"

Nikamweleza yote, machozi na kamasi.

"Kumbe hukuwa unauguza mtu. Ulifungua hoteli! Sasa piga simu, ama nipige mimi, na mimi sifichangi kitu."

Nikapiga, Mama Njeri akanisemea Kiswidi. Kesho yake akaja Daktari Wessman mwenyewe, mapema kuliko nilivyotarajia. Vyombo vimejaa kwenye sinki, nywele zangu nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Akapiga magoti sakafuni na koti lake zuri, akamuuliza Omari, "Unaendeleaje?"

Na mimi, wallahi, mume wangu kajikunja pale chini kama mtoto, daktari anamwona kwa macho yake, mdomo wangu ukaruka: "Bra!"

Omari akageuza shingo taratibu.

"Mama Mwanaidi, nyamaza. Anayeumwa ni mimi."

Akaeleza mwenyewe, yote: alfajiri za Jumatano, mto, tai. Maneno mengi sikuyaelewa, ila nilielewa daktari alipoinua macho kunitazama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alisema tu kwamba nafasi za nyumbani zimejaa, hawezi kumnyang'anya dawa yule mama wa Vällingby.

Omari akarudi wodini. Alikaa huko mpaka theluji ilipoyeyuka, na Mwanaidi akawa anamuona baba yake Jumapili kwa Jumapili. Mguu wa kushoto haukupata nguvu tena. Daktari alisema huenda ingekuwa hivyo hata bila mimi. Huenda! Hiyo huenda nimezeeka nayo.

Nafasi ilipopatikana, Gun-Britt akarudi. Alinisalimia vizuri, akapita moja kwa moja chumbani, akafunga mlango. Nikabaki jikoni na sahani yangu mkononi. Nikamsikia mume wangu analia kwa sauti kule ndani, na sista hamnyamazishi, anamuuliza, anamwacha alie, anamuuliza tena. Kumbe matibabu yenyewe ndiyo hayo, na ndiyo niliyokuwa nayazuia kwa udi!

Wanangu mnaouguza nyumbani, msinicheke mkadhani mko mbali na mimi. Nawaona mnavyopiga deki muuguzi akiwa njiani, mnavyomwambia mama, "Usianze kulalamika." Acheni! Dawa itolewe saa yake. Mgonjwa akutwe alivyo, na shati alilotapikia. Na akiulizwa anaendeleaje, kama huuwezi mdomo wako, toka nje. Hata kama ni barafu, simama kwenye ngazi mpaka amalize kujibu.