Siku Picha ya Baba Ilipouliza Habari za Maji

Ndugu wasomaji, natangaza rasmi kwamba likizo iliyopita, hapa Owerri, marehemu baba yangu alisema kutoka ukutani.

Alisema kwa sauti ya mwanamke. Basi tulieni.

Dada yangu Nkemdirim alikuwa amejifungua, akarudi nyumbani kwa omugwo. Yaani Mama amkande kwa maji ya moto, ampikie supu ya pilipili, amwogeshe mjukuu. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya bweni, nikisaidia kumaliza supu.

Dada hakuwa sawa. Alimtazama mwanawe kama mzigo wa abiria mwingine. Kila alasiri alijifungia chumbani, akazungumza na mshauri, daktari mmoja wa kike, kwenye simu.

Mama alicheka. "Tangu lini machozi yakatibiwa kwa bando? Hiyo ni damu chafu imebaki tumboni. Nitazidisha moto."

Siku hiyo akaweka beseni sebuleni.

"Nkem! Umepumzika vya kutosha. Leo mwanao utamwogesha mwenyewe."

"Baadaye, Mama."

"Baadaye lini? Akiota ndevu?"

Dada alilitazama beseni. Akachukua simu, akajifungia.

Mimi nami nilikuwa na mradi wangu. Asubuhi nilificha spika ndogo nyuma ya picha ya Baba, nikaiunganisha kwa bluetooth na simu ya Dada, maana mimi simu sina. Nilitaka Baba akohoe kidogo tu Mama akipita.

Simu Dada aliichukua kabla ya kikohozi. Nikasahau kuitenganisha.

Mama alikuwa amempakata mtoto kando ya beseni. Picha ikauliza, kwa upole:

"Maji ya kumwogeshea mtoto bado yanakuita?"

Nikaikumbuka spika.

"Bado yanakuambia umwachie azame?"

Chumbani Dada akasema, "Haloo? Dokta, mbona sikusikii?"

Mama hata hakumsikia. Nilingoja akemee pepo kwa jina la Yesu, kama kawaida yake. Akapiga magoti, mtoto kifuani.

"Obiora, mume wangu," akaiambia picha. "Siri hii si ulizikwa nayo? Yalikoma. Naapa, yalikoma Olaedo alipoanza kutambaa."

Olaedo ni mimi.

Mlango ukafunguka. Dada alisimama, simu mkononi.

"Mama. Na wewe yalikuita?"

Mama akageuka kutoka kwenye picha.

"Nilimwambia baba yenu tu. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani." Akalisukuma beseni mbali kwa mkono mmoja. "Rudi kwa huyo mwanamke wako, mwanangu. Mwambie yote. Mtoto nitamwogesha mimi mpaka useme uko tayari."

Picha ikadakia: "Haloo? Bado upo?"

Mama akainuka taratibu, akaigeuza. Spika ikamwangukia kidole cha mguu.

"OLAEDO!"

Funzo, kwa wanaolipenda: usimcheke mzazi anayemweleza mtu wa kwenye simu yanayomtisha. Pengine anamwambia mgeni kwa sababu sisi wa nyumbani tuna majibu mengi mno.

Mama alinifikia, kandambili juu. Nikakiri papo hapo: spika yangu, wazo langu, shetani hahusiki.

"Sasa unalia nini? Sijakupiga bado."

Nikakiri na la pili. Sikuwa nalilia kandambili; nililia kwa kuwa mtoto wa maji yale nilikuwa mimi.

Akaishusha. Akanishika mkono, akaukaza, kama mtu anayemtoa mtoto majini.