Sakafu ya Kisima cha Magofuni

Enzi zetu, mtoto wa kike kabla ya kufundishwa kuteka maji alifundishwa kunyamaza kisimani. Nyinyi mliokulia upande huu wa Msambweni, mkashuka njia ya Bodo miguu mitupu na mtungi kichwani, mtakuwa mmeshaanza kutabasamu. Tabasamuni sasa hivi, maana mbele huko sina cha kuchekesha sana.

Kijijini kwetu, kabla hujafika kwenye mikoko, kulikuwa na magofu. Msikiti wa kale uliobaki kibla na ukuta mmoja, makaburi yaliyoliwa na mizizi, na vijumba vya mawe ambavyo sisi tulivigawana kama urithi wa mama zetu. Hapa kwangu, pale kwako. Mvua ikinyesha udongo ulitoa vigae vya sahani za zamani, vyeupe vyenye maua ya buluu, nasi tukavikusanya tukachezea kinyumbanyumba. Tuliwapakulia wageni wetu wali wa mchanga na samaki wa majani juu ya vigae hivyo. Leo kigae kama kile kimefungiwa kwenye kisanduku cha kioo, na ukisogeza pua unafokewa na askari wa mlangoni.

Nani aliujenga mji ule? Ukiuliza uliambiwa, "Watu wa kale." Ukiuliza tena uliambiwa uende ukafagie.

Katikati ya magofu ndipo kilipokuwa kisima. Kilikuwa kipana kuliko visima vya siku hizi, kimejengwa kwa mawe ya matumbawe kutoka juu mpaka chini, na ukingo wake ulikuwa umechimbika mifuo na kamba za watu tusiowajua. Bahari ilikuwa karibu kiasi kwamba maji yakijaa tulisikia mawimbi tukiwa pale pale tunateka. Na maji yake yalikuwa matamu. Sisemi matamu kwa kuwa nimezeeka na kila cha utotoni nakiona kitamu. Chai iliyopikwa kwa maji yale ilikuwa na rangi ya shaba iliyosuguliwa, mbaazi ziliiva kabla mwanamke hajamaliza kukuna nazi yake, na ukiosha nywele kwa kipande kidogo cha sabuni unatafuta kwa kupeleka povu. Wageni kutoka Kwale mlimani walibeba maji yetu wakirudi kwao, nasi tukawaringia.

Lakini kisima kile kilikuwa na masharti. Ndoo haikuingia. Tuliteka kwa kata ya kifuu, imefungwa kamba ya makumbi, na kamba ile ilikuwa na urefu wake ambao hakuna aliyethubutu kuuongeza. Kata ilishuka ikagusa uso wa maji tu, ikajilaza, ikajaa, ukaipandisha taratibu. Kujaza mtungi mmoja kulikuwa kazi ya kuchosha roho. Kiangazi kikikaza, nyanya yangu mzaa mama alifunika kisima kwa makuti na kukipumzisha, na kijiji kizima kikaenda mbali kutafuta maji, watu wakinung'unika lakini wakitii. Ukimuuliza nyanya kwa nini, alijibu kwa sauti ile ile ya kukatiza maneno:

"Chini mle kuna mwenyewe. Mkimsumbua atatutapikia bahari."

Tuliogopa, wallahi. Mimi nilikuwa nikiinamia ukingo ule nafumba macho nisije nikaonana naye.

Halafu tukapelekwa shule. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana mchangamfu wa kutoka bara, na siku tuliyomsimulia habari za mwenye kisima alicheka mpaka akaketi juu ya dawati. Tukacheka naye. Tukarudi nyumbani tukiwa na elimu. Ukweli ni kwamba hakutudanganya, mle chini hamkuwa na jini. Ndiyo maana kila nikikumbuka kicheko kile hasira hunijia na sipati wa kumkasirikia.

Nilikuwa darasa la mwisho la msingi wakati kamati ya maji ilipoamua kisima kichimbwe zaidi kiwekwe pampu ya mkono. Nani angekataa? Kina mama walikuwa wamechoka na kata, sisi wasichana tulikuwa tumechoka zaidi. Nyanya peke yake ndiye aliyesimama barazani akasema hapana. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye heshima zake, alimuuliza kwa upole sababu ni ipi. Nyanya akasema chini kuna mwenyewe. Watu wakainamisha nyuso kwa kuficha vicheko. Angekuwa na sababu nyingine angeitoa siku ile, maana niliona jasho lililomtoka. Hakuwa nayo. Na yeye aliachiwa sharti bila maelezo, na waliomwachia waliachiwa vivyo hivyo.

Fundi akashuka. Sote tulizunguka ukingo tukichungulia, na mama yangu mdogo Mwanatumu, ambaye wakati ule alikuwa bibi arusi hata hina haijamtoka miguuni, alikuwa mbele ya wote. Maji yalipopunguzwa kwa ndoo, fundi akapiga kelele kutoka chini. Alikuta sakafu. Si mwamba, sakafu hasa, imesakafiwa kwa chokaa ngumu, laini kama baraza la nyumba ya tajiri.

"Hawa wazee walichoka!" akasema, na sauti ikapanda mpaka kwetu na mwangwi wake. "Wamefika katikati wakapiga chokaa wakaenda zao!"

Basi kijiji kikawacheka watu wa kale. Wavivu, wakasema. Hawakuwa na vyuma, wakasema wengine kwa kuwahurumia. Fundi akateremshiwa mtaimbo, akapiga, akapiga, mpaka sakafu ikatoboka na maji yakaja kwa nguvu kutoka chini, mengi kiasi ambacho hatujapata kuona, na fundi akavutwa juu miguu yake ikielea. Tulipiga vigelegele. Mwanatumu alipiga kuliko wote, alikuwa na ulimi wa kazi hiyo. Nilivyo leo, nikisikia vigelegele harusini, hunijia siku ile na ladha yake mdomoni.

Maana haukupita muda. Kwanza sabuni ikakataa kutoa povu. Kisha chai ya maziwa ikawa inakatika sufuriani. Mbaazi zikachemka tangu asubuhi zikabaki changarawe. Halafu siku moja mtoto wa jirani akanywa akatema, akasema bahari imeingia kisimani. Wanaume walilaumu pampu, wakabadilisha pampu. Walilaumu fundi, fundi akahamia Taru akafanya biashara ya mbuzi. Nyanya hakusema, "Niliwaambia." Alifungua kamba ya kata akamfungia mbuzi wake, na kifuu akakitia motoni akachemshia uji.

Tangu hapo kijiji kikaanza kuvuja watu. Mashamba yakauzwa, wanunuzi wakaweka kuta ndefu, na nyuma ya kuta wakachimba visima vya mashine kumwagilia nyasi na kujaza mabwawa ya kuogelea hatua chache kutoka bahari. Mimi nilikwenda Kwale nikafundisha watoto wa watu mpaka nikastaafu. Mwanatumu alibaki. Mume alikufa, watoto wakapata kazi za hoteli Ukunda, yeye yupo tu, anangoja pikipiki imletee maji ya mitungi kila isipokosa mafuta. Siku ikikosa, yeye na wajukuu wawili anaowalea hunywa ya kisimani.

Mwaka jana nilialikwa kwenye kongamano Diani, katika hoteli ambayo kiyoyozi chake kilinikumbusha sijabeba shuka. Mada ilikuwa maarifa yaliyosahaulika ya wakazi wa kale wa pwani. Vijana wamekaa wametandaza simu mbele yao, kila mmoja na chupa ya maji yenye picha ya mlima ambao hajapata kuuona. Mtaalamu kijana, mpole, mwenye Kiswahili kizuri, akawasha mashine yake, na kwenye ukuta nikaona kisima chetu.

Akaeleza. Maji ya mvua, alisema, yakizama ardhini karibu na bahari hukaa juu ya maji ya chumvi, kama tui zito linavyokaa juu ukiliacha bakulini. Watu wa kale waligundua hilo. Walichimba mpaka mwisho wa maji matamu wakasimama, wakasakafia chini kwa chokaa ili chumvi isipande, wakaacha maji matamu yaingie kwa ubavuni. Na waliteka juu juu, kidogo kidogo, kwa sababu ukivuta kwa pupa bahari inapanda. "Hii," akasema, "ni teknolojia iliyopotea."

Iliyopotea! Nilisimama bila kuitwa. Nikamwambia, "Mwanangu, haikupotea, tuliivunja kwa mtaimbo mchana kweupe, na mimi nilikuwapo." Kisha binti mmoja akaniuliza, kwa adabu, "Shikamoo mama. Kwani wazee hawakuwaambia kwa nini?"

Nikakaa. Nilirudi nyumbani na swali lile kama mwiba wa samaki kooni. Hawakutuambia, ndiyo. Mtu mmoja, zamani sana, alilijua jambo lile sawasawa kama yule kijana alivyolijua. Akaona watoto wagumu kuelewa, akawatisha kwa jini, nao wakatii, kazi ikawa rahisi. Jini likalinda kisima vizuri mpaka siku watu walipoacha kuliogopa, na siku hiyo nyuma yake hapakuwa na kitu. Nawapenda wazee wetu, Mungu awarehemu, lakini hili siwasamehe. Walituachia kufuli wakazikwa na ufunguo. Na sisi tuliosoma situsamehe pia, kwa kuwa tulijua kucheka tu, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu apoteze chokaa nzuri kusakafia chini ya maji.

Wataalamu wakaja kijijini. Walisema sakafu itatengenezwa upya kwa chokaa iliyochomwa kwa njia ya zamani, pampu itang'olewa, kisima kipumzishwe masika yote. Mwanatumu alifurahi mpaka akavaa kanga mpya. Lazima mjue kwamba wanawe walikuwa wameshampangia chumba Ukunda, ghorofani, na alikuwa amewaahidi neno moja tu mbele yangu.

"Kisima kikikataa, nitahama," aliwaambia. "Kikirudi, msinitajie tena habari ya Ukunda. Mimi nina makaburi yangu hapa."

Kazi ikafanyika, na masika ilinyesha vizuri mwaka huu. Tulipopewa ruhusa ya kufungua, nilishuka kutoka Kwale alfajiri nikamkuta ameshaamka, ameshawaamsha wajukuu. Alikuwa ametengeneza kata kwa mkono wake, na wasichana wale wawili wakashindana kuishusha, wakicheka, wakiigongesha kwenye mawe kwa kuwa hawajui kuilaza. Mwanatumu akawaelekeza. Ikapanda imejaa, maji maangavu.

Wakanywa wao kwanza. "Tamu, nyanya! Tamu kweli!" wakasema wote wawili, wakapokezana tena.

Akanywa Mwanatumu, akafunga macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Tamu."

Nikanywa mimi. Yalikuwa na chumvi. Si ile ya zamani ya kutema, lakini chumvi ilikuwapo, imekaa nyuma ya ulimi haibanduki. Baadaye mtaalamu kijana alinieleza kwa simu, kwa huzuni ya kweli, kwamba sakafu imeshika vizuri ila zile mashine za nyuma ya kuta zimeshakausha maji matamu ya upande mzima, na bahari imeingia mpaka kisima kimebaki katikati yake. Lakini pale kisimani sikuhitaji mtaalamu. Nilimtazama mama yangu mdogo, naye alikuwa akinitazama.

Alingoja wasichana wakimbilie nyumbani na mtungi.

"Najua," akasema. "Mimi nimeyanywa yale yenyewe, nitasahau vipi? Wale wamezaliwa na haya ya chumvi, yamepungua kidogo wanaona ni sukari. Nyamaza, mwanangu. Ukiwaambia hii ni chumvi utawapa maji gani mengine wanywe?"

"Na Ukunda, mama?"

"Nimesema tamu mbele ya mashahidi," akasema, akaanza kuikunja kamba. "Sihami."

Nilimsaidia kufunika kisima kwa makuti, tukarudi nyumbani akapika chai, nami nikainywa mpaka mwisho nikaisifu. Wasichana waliniuliza kama na ya zamani ilikuwa tamu hivi, nikawaambia ilikuwa hivi hivi. Nimewaandikia nyinyi wa rika langu kwa sababu nyinyi tu ndio mtakaojua nilisema uongo gani, na tumeshapungua sana. Sisi tulikuwa na maji matamu bila kujua kwa nini ni matamu. Hawa wa leo wameelezwa sababu yote, kwa picha na kwa mashine, na hawatajua kamwe utamu wenyewe ulikuwaje.