Puli ya Bure

Nakumbuka asubuhi moja, Mwanangu, mkanda wa mashine yangu ya kusaga ulikatika pale Masieda, na akina mama kumi na saba wako kwenye foleni. Niliwahesabu mara mbili, nikitumaini watapungua. Wa kwanza alikuwa Mama Safari, aliyekuwa akimwoza binti yake kesho yake, na wageni wa harusi hawali punje.

Mwanzoni sikuhofu. Nilikuwa na muuza vipuri wangu mmoja mjini Mbulu. Miezi michache nyuma nilibishana naye bei ya mikanda tangu saa tatu hadi saa sita, mpaka akanipa bure puli mpya, lile gurudumu linalopitiwa na mkanda. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Kumbe njia ya puli ile ni nyembamba, inashika mikanda anayouza yeye peke yake.

Nikapanda bodaboda. Duka limefungwa, jirani akasema mwenyewe yuko kwao msibani, atarudi wiki ijayo. Nikazunguka maduka mengine manne, kisha nikayarudia, huenda nilikosea hesabu. Mikanda ipo, hautoshi hata mmoja.

Nikaenda Nambis kwa Mzee Bura, mwenye mashine wa siku nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si wewe uliyepewa puli?"

"Ndiyo, mzee. Bure."

"Alikupa mlango, ufunguo akabaki nao. Ile ya zamani iko wapi?"

Nikaona aibu. "Imekandamiza mlango wa banda la kuku."

"Basi kuku wako wamekuzidi akili. Wameitunza."

Akachukua spana na mkanda wake wa akiba, tukapakizana pikipiki moja mpaka kwangu. Saa tisa mashine ikanguruma na puli ya zamani. Mama Safari akaketi juu ya gunia lake, akacheka peke yake, na mimi ndipo nikapumua. Waliopata hasara ni kuku tu, niliwawekea jiwe.

Mwanangu, kifaa kinachoendesha kazi yako, wajue watu wawili wanaokiuza, na ununue kwa wote wawili hata usipokuwa na shida, wakuzoee. Kimoja cha akiba kikae ndani. Ukipewa cha bure, uliza kwanza kinakubaliana na vya nani. Yule wa mjini simlaumu, msiba ni msiba, na bado nanunua kwake. Ila puli ya zamani haijatoka tena kwenye mashine.

Mungu akupe kazi isiyosimama, na siku utakayokuta duka limefungwa, akuoneshe la pili lililo wazi.