Uso wa Bibi Somoe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Hasira zenyewe najikasirikia mwenyewe, ila na wewe fungu lako lipo, maana jana nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba picha ghafi, zile zinazotoka kwenye kamera kabla hazijaguswa, zinajaza kompyuta bure, ukishazigeuza kuwa nakala nyepesi za JPEG unazifuta. Eti bure! Kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa kijana, nina kamera yangu ya kwanza ya maana, napiga picha za harusi kuanzia Newala hadi Masasi. Nikaitwa kwenye harusi kijijini Mnyambe. Bibi yake bwana harusi, Bibi Somoe, alikuwa mmoja wa wazee wachache waliobaki na nembo zetu za Kimakonde usoni, chale zilizopangwa kutoka kwenye paji hadi mashavuni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, nipige uso wote. Hizi alinichanja shangazi yangu, na sikulia. Nataka vitukuu wazione."

Nikampiga. Kamera ilizichukua zote, mstari kwa mstari.

Sasa sikia upumbavu. Nilirudi kwenye duka langu la picha nikaziingiza picha zote kwenye programu ya kuzigeuza. Ilikuwa na kitufe cha kulainisha ngozi, na kwa kuwa maharusi wanapenda kulainishwa, nikakiwasha kwa picha zote kwa mpigo, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi JPEG zilikuwa tayari. Sikuifungua hata moja nikaitazama kwa ukubwa wake. Kesho yake nilikuwa na shughuli ya kipaimara Chidya na diski imejaa, basi nikafuta picha ghafi zote, na kadi ya kamera nikaifuta pia.

Haikupita miezi miwili Bibi Somoe akafariki. Binti yake, Mama Hadija, akaja kuchukua picha ya kuweka ukutani, maana hakukuwa na picha nyingine ya marehemu. Nikaichapa kubwa, na hata hapo sikuikagua, nikampa kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na macho.

"Huyu nani?"

"Ni bibi, mama."

"Nembo zake umezipeleka wapi?"

Programu ilizidhania makovu, ikazifuta. Makovu, mwanangu! Uso ambao watu walikuwa wakiutambua Mnyambe nzima, mashine ikauona una kasoro, na mimi Mmakonde wa kuzaliwa nikairuhusu iusawazishe. Nilihangaika na ile kompyuta mpaka jioni, Mama Hadija kakaa kwenye benchi ananisubiri. Haikuwezekana. Kilichofutwa kwenye JPEG hakimo tena, na pale pa kukipata nilikuwa nimepafuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakunitukana, na heri angenitukana. Alisema, "Mama alivumilia kisu akiwa mtoto. Wewe umeshindwa kuvumilia diski kujaa." Akaiacha picha mezani, akaenda stendi.

Ndiyo maana nafoka, na nitaendelea kufoka. JPEG ni ya kumpa mtu, atume kwenye simu, achape, afurahi. Picha ghafi ndiyo kile kamera ilichokiona, na hiyo haifutwi kwa sababu wewe una haraka. Ukitaka kulainisha, lainisha nakala, tena uso mmoja mmoja, na kila uso uufungue mpaka ujaze kioo cha kompyuta kabla hujasema umemaliza. Diski ikijaa, tafuta nyingine. Na usije ukaiachia programu iliyotengenezwa na watu wasiowahi kufika Newala ikuamulie kipi ni kasoro kwenye nyuso za wazee wetu. Vitukuu wa Bibi Somoe sasa ni watu wazima, na hakuna hata mmoja anayejua bibi yao alifananaje.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu walivyo, mwanangu, na mkono usio na pupa. Na akuepushe na siku ya kumkabidhi mtu picha ya mama yake, asimtambue.